Ulilala lini mara ya mwisho?

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya ustawi wa watoto nilikuwa naogopa nyumba zenye kelele. Mlango ukifunguliwa nikakuta baba aliyetumia dawa za kulevya anazunguka sebule nzima, macho yamemtoka, maneno yanakimbizana mdomoni, nilijua hapa pana kazi. Nyumba iliyotulia niliipa mistari mitatu kwenye faili nikaenda zangu. "Mama amelala. Watoto wako sebuleni. Hakuna dalili ya hatari." Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu, na hadi leo nikiyakumbuka tumbo linanikata.

Mama yule alikuwa amelala kweli. Ilikuwa saa nane mchana, nikamwita mara tatu akajibu kwa mguno mmoja. Aliyenifungulia mlango ni mwanawe wa miaka sita, amevaa fulana ya mtu mzima inayomfika magotini, amempakata mdogo wake ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Akaninong'oneza, "Mama kachoka, usimwamshe." Nikamwona mtoto mwenye adabu. Nikaahidi kurudi kesho.

Kesho yake nikamkuta mama amelala vilevile, ubavu uleule. Yule mdogo alikuwa na nepi ya jana, nzito hadi imening'inia, midomo imekauka na kupasuka pembeni. Kwenye mashavu alikuwa na ukoko mweupe. Kaka yake alikuwa akimlisha unga wa maziwa mkavu kwa kijiko, maana bomba la maji hakulifikia. Aliponiona namtazama mama yake, akapanda kitandani, akaweka kiganja mbele ya pua yake, akangoja kidogo, akanigeukia: "Bado anapumua." Hakulia. Alisema kama muuguzi anayekabidhi zamu.

Hospitali walisema mdogo amepungukiwa maji mwilini, siku moja zaidi na tungekuwa tunazungumza mengine. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye chumba kile kile saa ishirini na kitu kabla, na kalamu mkononi.

Nilichokosa siyo huruma. Nilikosa kujua saa. Mama yule alikuwa anatumia methamfetamini, dawa ya kulevya ambayo wengi tunaiita meth. Dawa hiyo inaendeshwa na saa, na afisa asiyejua mtumiaji yuko saa ngapi ya mzunguko wake anaingia nyumba hiyo akiwa kipofu. Nusu ya kokeini huondoka kwenye damu kwa muda wa kama saa moja. Nusu ya meth huchukua saa 10 hadi 12. Mtu akivuta asubuhi, jioni bado iko kazini, inasukuma dopamini, kemikali ya raha, kwenye ubongo, njaa haipo, usingizi haupo. Anaongeza kabla ya kushuka, kisha anaongeza tena. Siku tatu zinapita, nne, wengine hata zaidi, na mtu hajafumba jicho. Huo mimi nauita mkesha. Halafu mwili unakata. Analala saa 24, pengine zaidi, na huwezi kumwamsha kwa kumwita jina. Waliozoea kushughulika na heroini wanajua arosto, mtu anatapika, anatetemeka, anahangaika kutafuta. Huku ni kinyume. Mtu anazimika kama taa, na watoto wanabaki peke yao na mtu mzima aliye mbele ya macho yao.

Wala haishangazi ukijua historia yake. Mkemia wa Kijapani, Nagai Nagayoshi, aliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1893 kutokana na efedrini, na katika Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Ujerumani walipewa vidonge vyake, Pervitin, ili wasilale. Kufukuza usingizi ndiyo kazi iliyoipa umaarufu. Deni la usingizi huo lazima lilipwe, na katika nyumba nilizopitia analilipa mtoto.

Tangu siku ile nimeacha kuanza na swali la "unatumia?" Swali hilo lina jibu moja tu, hapana, na baada ya hapo mnaanza kutunishiana misuli. Mimi nauliza, "Ulilala lini mara ya mwisho?" Watu hulijibu. Wengine hulijibu kabla hawajakumbuka kudanganya. "Jumapili," alinijibu baba mmoja, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtoto naye nina swali lake: "Mama akilala sana, wewe hufanya nini?" Usimuulize habari za dawa, utampa mzigo wa kumsaliti mzazi. Ukimuuliza usingizi atakueleza nyumba nzima: nani anapika, nani anafunga mlango usiku, simu inafichwa wapi, nani anakuja mama akiwa amezimika. Hilo la mwisho lisikilize kwa masikio yote mawili, kwa sababu watoto wengi niliowahi kusikia wameguswa vibaya waliguswa na mgeni aliyekuwa akiingia na kutoka wakati mzazi hajitambui.

Huyo baba wa Jumapili ndiye aliyenifundisha somo la pili. Siku ya nne au ya tano ya mkesha ni siku mbaya kuliko zote kwa anayebisha hodi. Dawa haimpandishi tena kama mwanzo, usingizi haumjii, na akili inaanza kumtungia hadithi. Anaona watu dirishani. Anajikuna mpaka anatoka damu kwa sababu anahisi wadudu wanatembea chini ya ngozi. Taya zinasagana. Wengine humfikiria mtu aliyelewa meth kuwa ni yule anayeongea sana na kucheka. Huyo bado yuko mwanzoni, mara nyingi unaweza kuzungumza naye. Mwogope aliyenyamaza, macho yanaruka huku na huku, sauti inatetemeka kidogo. Kama ameongeza pombe ili ashuke, mwogope zaidi.

Mimi siku hiyo nilifanya kila kosa. Niliingia peke yangu kwa kuwa mwenzangu alikuwa kwenye simu garini. Nikakaa kwenye kochi refu lililobonyea, lile ambalo kuinuka kwake lazima ujisukume kwa mikono miwili. Mkoba nimeuweka mapajani, kalamu yangu ni ya kubonyeza, na nina tabia ya kuibonyeza nikifikiri. Tik, tik. Akanyamaza, akaitazama kalamu. "Dada, unarekodi?" Nikasema hapana, baba. Akaenda dirishani, akachungulia kwenye pembe ya pazia. "Na wale nje ni wako?" Hapo ndipo nilipoharibu kabisa: "Hakuna mtu nje, baba, ni mawazo tu." Kwa mtu aliye katika hali ile, nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mmoja wao. Akarudi, na safari hii akasimama kati yangu na mlango.

Mwenzangu alifungua mlango akaita, "Tunahitajika ofisini sasa hivi." Mzee huyu yuko kazini kabla yangu, alinieleza baadaye kuwa alitazama saa akaona nimekaa ndani mno. Nikatoka nikiwa nimeacha daftari, mkoba na kiatu kimoja. Mkono wangu ulitetemeka hadi nikashindwa kufunga mkanda wa gari, na yeye akaufunga bila kusema neno.

Siku hizi gari naliegesha likielekea barabarani, siliingizi uani ambako mtu anaweza kunizibia. Ofisini wanajua niko wapi na natakiwa kupiga simu saa ngapi. Tunaingia wawili, na mwenzangu anabaki pale anapoona mlango. Nakaa kwenye kiti kigumu au nasimama. Mikono ionekane. Nikitaka kutoa karatasi natangaza kwanza: "Sasa nafungua mkoba, natoa fomu." Sauti iwe ya chini na ya taratibu, taratibu kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu mwenzako anasikia kila kitu kwa kasi. Nafasi kati yenu iwe kubwa kuliko adabu ya kawaida inavyotaka, usimguse hata bega, usinong'onezane na mwenzako, usimmulike na tochi ya simu. Akikueleza habari za watu wa dirishani, usibishe wala usikubali. "Naona umeogopa, baba, na mimi sitaki uogope" inatosha. Neno la kuchukua watoto halisemwi pale, ukiwa peke yako na yeye hajalala siku tano. Linasemwa polisi wakiwa mlangoni, au linangoja. Na kama shingo inakusisimka, toka. Sijawahi kuona ripoti iliyoharibika kwa sababu afisa aliondoka mapema.

Kuna watu wakisikia meth mawazo yao yote yanakwenda kwenye kuipika nyumbani: mitungi, moshi, mlipuko. Nyumba nyingi nilizoingia zilikuwa za watumiaji tu, kiko cha kioo na makaratasi ya kufungia, hakuna jiko lolote. Siku hizi sehemu kubwa ya dawa yenyewe inatoka kwenye viwanda vikubwa vya kificho, siyo jikoni kwa mtu. Lakini jiko nimelikuta mara moja, na mara moja ilitosha.

Lilikuwa shauri la kutelekezwa, halikuwa na harufu yoyote ya dawa kwenye karatasi. Harufu ilikuwa mlangoni: kali kama mkojo wa paka uliochanganywa na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Madirisha yamebandikwa nailoni. Chini ya sinki pakiti tupu za vidonge vya mafua, nyingi kuliko mafua ya ukoo mzima, vichujio vya kahawa vyenye madoa mekundu, betri zimepasuliwa, chupa za soda zenye mashapo na mipira ya maji imechomekwa. Niliyajua hayo kutoka kwenye semina, na kwa bahati nililikumbuka lile moja la maana: usiguse. Usifungue friji wala chupa ili unuse. Usiwashe taa na usizime iliyowaka, cheche ndogo tu inatosha kuuwasha mvuke. Hata simu usiipigie humo ndani. Mchukue mtoto, toka, nenda mbali, ndipo upige polisi na zimamoto. Wapishi hutumia efedrini au sudoefedrini ya dawa za mafua, ndiyo maana Marekani mwaka 2006 ilipitisha sheria ya kuziweka nyuma ya kaunta na kumwandikisha mnunuzi. Lakini vinavyoandamana nazo, asidi, viyeyushi, gesi zenye sumu, ndivyo vinavyounguza mapafu ya anayepita.

Nilitoka na msichana wa miaka minne. Alikuwa amekumbatia mwanasesere wa kitambaa, jicho moja limening'inia kwenye uzi. Semina ilisema kitu chochote kisitoke ndani ya nyumba ile. Mimi nikamtazama, nikasema moyoni, jamani, hata hicho? Nikamwacha abebe. Nikamkalisha kwenye gari, vioo nikavifunga kwa sababu ya baridi.

Dakika kumi hivi macho yakaanza kuniwasha, kichwa kikagonga. Nyuma mtoto alikuwa anajikuna shingo, pale hasa alipomlaza mwanasesere. Hospitali, muuguzi aliyevaa glovu alimtoa mwanasesere mikononi mwake, akamtia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Mtoto aliutazama ule mfuko ukipelekwa hadi mlango ukajifunga. Huruma yangu ya dakika moja ilimfanya apokonywe kwa ukatili kitu ambacho ningeweza kumwomba kwa upole akiache.

Siku hizi kwenye buti ya gari nina sanduku: nguo za mtoto za saizi tatu, taulo, sabuni, shuka la kutandika kiti, blanketi jipya na midoli miwili mitatu iliyofungwa bado. Kama jiko limeonekana au limeshukiwa, watu wa uokoaji ndio wanaosimamia usafishaji, na mtoto anavuliwa nguo faraghani, anaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nywele pia, ndipo anapanda gari. Kemikali zikimwingia machoni, ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Namweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Namwambia ukweli kwamba mwanasesere amepata sumu, siyo kosa lake wala la mwanasesere. Nikifika kwangu viatu vinabaki nje na nguo zangu hazichanganywi na za wanangu.

Ila naomba tusipitilize. Nimeona wenzangu wanamfuata mtoto wa nyumba ambayo watu wamevuta tu, wao wamevaa kama wanaingia kwenye kinu cha nyuklia. Mabaki ya moshi hukaa ukutani, kwenye zulia, kwenye kochi, na mtoto anayetambaa na kutia mikono mdomoni, anayepumua haraka kuliko sisi, huyapata zaidi. Ni kweli. Kwa hiyo vaa glovu ukigusa vitu, tazama unapoweka mkono maana sindano hufichwa kwenye mito, nawa, mbadilishe mtoto nguo. Kisha mpakate. Mtoto ambaye ameoshwa hana sumu ya kukupa wewe.

Cha kuogopa ni kile alichokwisha kukimeza. Mtoto mdogo aliyeokota chembe akaila analia kilio kisichobembelezeka, moyo unakwenda mbio, mwili unachemka, mboni zimetanuka, anarusharusha viungo. Madaktari wa Arizona, jimbo la Marekani lenye nge wengi, wameandika juu ya watoto waliotibiwa kwa kudhaniwa wameumwa na nge, kumbe ni meth. Daktari hawezi kujua usichomwambia. Mimi nasema pale pale mapokezi, sentensi ya kwanza: "Nyumba aliyotoka ina meth." Sisubiri ushahidi. Kipimo cha mkojo nacho kisingoje wiki ijayo, maana baada ya siku chache hakuna cha kuona. Na kikitoka, kinasema tu kwamba dawa iliingia mwilini. Kama aliivuta hewani, aliimeza au aliipata kwenye ziwa la mama, hilo unalitafuta kwa miguu.

Kuna jambo dogo la maneno ambalo limewahi kumgharimu mzazi. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye faili kwamba mama fulani "anapata meth kliniki kila asubuhi." Alimaanisha methadoni, tiba ya walioacha heroini. Neno hilo la herufi nne lilimfuata mama yule hadi mbele ya hakimu. Ni vitu viwili visivyo na undugu. Na aliyezoea wateja wa methadoni ajue kwamba kwa meth hakuna kikombe cha kunywa asubuhi. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kuchukua nafasi yake. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, nayo haiizimi meth, ingawa mtu akikutwa hapumui vizuri mpe tu, kwa kuwa siku hizi meth huchanganywa na fentanili, dawa kali ya jamii ya heroini, bila mwenyewe kujua. Kinachosaidia ni ushauri wa mara kwa mara, na ule mpango wa kumpa mtu zawadi ndogo kila kipimo chake kikiwa safi. Mwanzoni niliucheka, nikauona wa kitoto. Kumbe ni miongoni mwa vilivyothibitika kufanya kazi vizuri zaidi.

Yule mama wa kwanza, wa usingizi wa mchana, alikosa miadi mitatu mfululizo mwanzoni mwa tiba. Kalamu yangu ilikuwa tayari kuandika "haonyeshi ushirikiano". Msimamizi wangu akanipa kusoma habari ya utafiti wa mwanasayansi wa ubongo Nora Volkow wa mwaka 2001, walipopiga picha ubongo wa watu walioacha meth: sehemu zinazoshughulika na dopamini zilianza kurejea, lakini baada ya mwaka mzima na zaidi. Miezi ya kwanza mtu anasahau, hapangiki, haoni raha ya kitu chochote, hata ya mwanawe. Nikaacha kumpa orodha ya mambo sita. Nikampa moja kwa wiki, kwa maandishi, na simu asubuhi ya siku yenyewe. Akaanza kuja. Tukaandika naye pia mpango wa siku atakayoteleza, jambo ambalo wengine ofisini waliliona kama kumruhusu: shangazi yake yupi atapigiwa, watoto watalala wapi, kabla hajagusa chochote, siyo baada.

Watoto walikuwa kwa mlezi wa kambo muda wote huo. Mlezi alinieleza kwamba yule wa miaka sita, ambaye sasa ni wa saba, huamka usiku akaja chumbani kwake, akasimama gizani, na anachohisi yeye ni kiganja kidogo mbele ya pua. Hakumkaripia. Alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu ili mtoto asikie, na mtoto anarudi kulala.

Walirudi kwa mama yao baada ya miezi kumi na sita. Nilikwenda kuwatembelea wiki ya tatu, Jumamosi mchana, mtoto akanifungulia mlango. "Mama amelala," akasema, na mimi mwili ukanisisimka. Nikaita jina lake mara moja tu kutoka sebuleni. Akaitikia, "Naam, dada, nakuja," kwa sauti nzito ya mtu aliyekatishwa usingizi wa saa moja. Yule mtoto hata hakugeuka. Alikuwa ameshavaa viatu, anamvuta mdogo wake mkono, wanatoka kwenda kucheza.